Naomba ushauri: pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya gitaa la Supro la zamani imekufa

Wakuu habari zenu, nina gitaa la slaidi lile la kulaza mapajani, Supro ya miaka ya 50, kazi ya kiwanda cha Valco cha hapahapa Chicago, bodi bado ina ile plastiki inayong'aa kama lulu na siigusi maana ndo uzuri wake. Shida ni pikapu. Nimepima na mita haisomi chochote, nyaya za nje ziko poa ila pale waya mwembamba wa koili unapoungana kuna kutu ya kijani. Je nichomee risasi hapo tu au koili isukwe upya yote, na waya namba 42 (unene 0.063 mm) utafaa? Nyuzi zinapita katikati ya pikapu yenyewe so kuifungua naogopa kuvunja. Pikapu mpya sitaki kabisa, nataka sauti yake ileile, aliyewahi kufanya hii kazi anielekeze tafadhali