Naomba ushauri: paipu ndefu ya siti kwa baiskeli ya kukunja

Wadau, salamu. Nina Dahon ya kukunja, magurudumu ya inchi 20. Mimi ni mrefu. Hata nikipandisha siti hadi alama ya mwisho, miguu hainyooki nikikanyaga pedali. Paipu yake ina kipenyo cha milimita 33.9, na madukani hapa Nairobi sijapata ndefu zaidi. Fundi wa jua kali Kamukunji anataka kuunga kipande kwa kuchomelea. Naogopa: alumini hulegea ilipopata moto, na paipu ikirefuka huelemewa zaidi pale inapobanwa. Afadhali bomba zima la chuma likerezwe, hata likiwa zito (makanga watanuna nikipanda nayo matatu, shauri yao). Nani anajua mkerezaji makini, Kariobangi au kwingine? Na kwa mtu wa kilo 95, ukuta wa bomba uwe na unene gani?