Muhula wa kwanza wa shahada ya mtandaoni: nijiandae vipi, na alama hupotelea wapi?

Njombe_Mjini:
Habari zenu wakuu. Nimedahiliwa shahada ya kwanza ya ualimu kwa njia ya masafa, masomo yote yako kwenye Moodle (mfumo wa chuo wa kusomea mtandaoni) na yanaanza baada ya wiki tatu. Kazini natoka saa 10 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Nina laptop ya RAM GB 4, simu ya Android na bando la kawaida. Umeme huku unakatika. Usajili unaniruhusu kuchukua masomo matano, kila moja krediti 12. Naomba kujua: nichukue mangapi, bando kiasi gani, na wanafunzi hupotezea wapi alama ambazo hazihusiani na ugumu wa somo? "Jitume tu" naielewa, nataka vitu vya kushika mkononi.

Mshauri_wa_Masomo:
Karibu sana ndugu. Nianze na idadi ya masomo, maana ukikosea hapo katikati ya muhula ni vigumu kurekebisha.

Kwa hesabu ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Humo mna kusoma, kusikiliza mihadhara, mazoezi na maandalizi ya mtihani. Somo la krediti 12 basi ni saa 120. Muhula ukiwa wa wiki 15, kila somo linadai saa 8 kwa wiki. Masomo matano ni saa 40, yaani ajira ya pili juu ya hiyo uliyonayo. Ukitoka kazini saa 10, ukafika nyumbani, ukala na kuona familia, zinabaki kama saa 2 ambazo akili bado inafanya kazi, tuseme siku nne kwa wiki. Ongeza saa 8 za Jumamosi na Jumapili. Jumla 16: masomo mawili unayamudu, la tatu utajibana. Chukua la tatu ikiwa tu liko karibu na kazi yako ya kila siku. Elimu ya masafa imewekwa ili mwenye ajira aende kwa mwendo wake. Anayebeba matano kwa haraka ya kumaliza mara nyingi hujikuta na sapu (mitihani ya marudio) mbili tatu, na muhula unaofuata anauanza akiwa na deni.

Hizi wiki tatu zitumie hivi. Kwanza ingia Moodle uone kama masomo uliyosajili yanaonekana. Kusajiliwa kwenye mfumo wa taarifa za wanafunzi na kuandikishwa ndani ya Moodle ni mambo mawili tofauti. Mtu anaweza kuwa amelipa ada na kusajili masomo, na bado Moodle haimtambui. Hilo lishughulikie sasa, kabla foleni ya wiki ya kwanza haijaanza. Barua pepe ya chuo iweke kwenye simu, maana matangazo ya wakufunzi huendea huko.

Muhtasari wa kila somo ukishapatikana, chukua karatasi moja uandike tarehe zote za kazi na majaribio kwa mpangilio wa tarehe, usizigawe kwa masomo. Pembeni ya kila moja andika uzito wake. Hapo ndipo utaona kwamba wiki ya 7 ina kazi tatu na wiki ya 6 haina hata moja, ukaanza mapema. Uliza pia kama mtihani wa mwisho ni wa mtandaoni au wa kituoni. Ukiwa wa kituoni, ruhusa ya kazini na nauli ni sehemu ya maandalizi.

Fundi_Moodle:
Mshauri amemaliza upande wa muda. Mimi nijibu swali lako la tatu, la alama zinakopotelea, kwa kuwa Moodle hutumiwa na Chuo Kikuu Huria, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) na vyuo vingine vingi, na makosa ya wanafunzi wapya ni yale yale.

La kwanza na baya kuliko yote ni rasimu. Kwenye kazi nyingi, kupakia faili hakutoshi. Faili linakaa kama rasimu mpaka ubonyeze kitufe kingine cha kuwasilisha, "Submit assignment", na kuthibitisha. Mwanafunzi anaona jina la faili lake pale, anafunga laptop akiwa na amani. Rudi kwenye ukurasa wa kazi usome mstari wa hali ya kazi. Ukiona neno "Draft", hujawasilisha. Ukishawasilisha, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na saa.

Tarehe nazo ziko mbili. Kuna tarehe ya kukusanya, ukiipita kazi inapokelewa lakini inaandikwa imechelewa. Kuna tarehe ya kufunga, ukiipita mlango hauko tena. Mhadhiri anaweza kuziweka siku moja au kuziachanisha wiki nzima, kwa hiyo usiige mazoea ya somo moja kwenye somo lingine.

Saa za Moodle ni za Kizungu, na hapa Waswahili tunaumia kwa namna yetu. 11:59 PM ni saa 5:59 usiku. Ukiona "Wednesday 12:00 AM", hiyo ni saa 6 usiku wa kuamkia Jumatano: usiku wa Jumanne ndio wa mwisho. Wapo wanaoisoma kama saa 12 asubuhi, na wapo wanaodhani wana siku nzima ya Jumatano. Wote wanakuta pamefungwa.

Majaribio ya muda: saa inahesabiwa na seva ya chuo. Ukifunga kivinjari, haisimami. Na muda wa kufunga una nguvu kuliko muda wa jaribio. Jaribio la dakika 60 linalofungwa saa 6:00 mchana, ukilianza saa 5:40 una dakika 20 tu. Anza katika nusu ya kwanza ya muda uliotolewa. Moodle kwa kawaida huhifadhi majibu yenyewe kila baada ya dakika moja hivi, ila mtandao ukiwa umekatika hakuna kinachohifadhiwa, hata kama unaendelea kuandika. Usifungue jaribio hilo hilo kwenye kurasa mbili za kivinjari. Majibu yanagongana na mfumo unakataa kupokea.

Majukwaa ya majadiliano watu huyadharau, kumbe mara nyingi yana alama kila wiki. Tazama masharti: kwa kawaida ni kuandika hoja yako na kujibu wenzako wawili. Ipo aina ya jukwaa ambayo haikuonyeshi ya wenzako mpaka uwe umeandika yako, na hata hapo unasubiri dakika 30 za kuhariri zipite. Ukiandika dakika 10 kabla ya kufungwa, alama za kujibu wenzako zimekwenda, hata uwe umeandika hoja nzuri kuliko darasa zima. Andika yako siku ya pili ya wiki, rudi siku ya tano kujibu.

Kazi za kuandika kwa mkono: picha moja ya simu ni MB 3 hadi 5, kurasa kumi zinakaribia MB 40, na ukomo wa faili mara nyingi ni mdogo kuliko huo. Tumia skana iliyo ndani ya programu ya Google Drive kwenye Android, chagua nyeusi na nyeupe, toa PDF moja. Jina la faili liwe namba ya usajili na msimbo wa somo, bila nafasi katikati.

Kama chuo kinapitisha kazi Turnitin (programu inayotafuta maandishi yanayofanana na ya wengine), ile asilimia ya mfanano peke yake haikuhukumu. Fungua ripoti uone kilichopakwa rangi ni nini: orodha ya marejeo na nukuu zenye alama za kunukuu ni kawaida, aya nzima bila chanzo ni tatizo. Ripoti tatu za kwanza za kazi moja hutoka haraka, kuanzia ya nne unasubiri saa 24. Usimalize majaribio yako yote usiku wa mwisho.

Bando_na_Umeme:
Kwa masomo matatu hesabu yangu ni hii. Video ya mhadhara ya saa 1 kwa ubora wa 360p ni kama MB 300. Tatu kwa wiki, MB 900. Zoom ya kikundi yenye video inaweza kupita MB 800 kwa saa, lakini ukizima kamera yako, ukaficha za wengine na kubaki na sauti na slaidi, mara nyingi haizidi MB 150. Vipindi vitatu ni MB 450. Weka MB 100 za PDF na kuingia Moodle. Unakaribia GB 1.5, nunua GB 2 kwa wiki uwe na akiba.

Bando linaloliwa bila habari ni la Windows. Laptop ikiwa kwenye hotspot ya simu, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, mtandao huo uuweke kuwa "metered" (wa bando lenye kipimo), masasisho makubwa yatasubiri. Kwenye simu zima upakuaji wa moja kwa moja wa WhatsApp na nakala za picha. Weka pia programu ya Moodle ya simu: ukipata mtandao mzuri unapakua somo zima na kulisoma bila bando.

RAM GB 4 inatosha kama hufungui Zoom, Word na kurasa kumi za kivinjari kwa pamoja. Pesa ikipatikana, badilisha diski kuwa SSD (diski ya kasi isiyozunguka) kwanza, utaiona tofauti siku hiyo hiyo.

Umeme: kwa mwenye ruta ya volti 12 na ampea 1 au pungufu, nyaya za kupandisha volti 5 za pawa benki kuwa 12 zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu. Pawa benki ya mAh 20,000 ina takriban Wh (wati-saa) 74; toa upotevu, ruta inayokula wati 8 inakaa saa 6 hadi 7. Soma lebo ya adapta kabla ya kununua. Ya ampea 2 itazimika kila dakika. Wewe wa hotspot linda chaji ya simu tu. Siku ya jaribio laptop ianze ikiwa imejaa.

Mzalendo_Muscat:
Nyongeza kwa wanaosoma vyuo vya nje. 11:59 PM ya New York ni saa 1:59 asubuhi ya kesho yake Afrika Mashariki wakati wa baridi yao, na saa 12:59 asubuhi wakati wa kiangazi chao. Marekani hubadilisha saa Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Uingereza hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo Machi kuna wiki mbili au tatu ambazo hesabu uliyoizoea kati ya nchi hizo mbili haifanyi kazi. Ingia kwenye wasifu wako wa Moodle, weka eneo la saa la ulipo, mfumo ukubadilishie wenyewe. Na kabla ya kulipa ada ya chuo cha nje, uliza TCU kama shahada hiyo wanaitambua.

Njombe_Mjini:
Asanteni mno, nachukua mawili. Swali la mwisho: mtandao ukikatika katikati ya jaribio, nifanye nini saa hiyo hiyo?

Fundi_Moodle:
Usifunge ukurasa na usibonyeze kurudi nyuma. Nakili jibu refu ulilokuwa unaandika, libandike kwenye Word. Washa hotspot ya laini nyingine. Laini ya pili yenye bando dogo ni lazima kwa siku hiyo. Ukirudi ingia upya, bonyeza kuendelea na jaribio lile lile, kagua maswali mawili ya mwisho kama majibu yapo, kisha endelea.

Muda ukiisha kabla hujarudi, mwandikie mkufunzi ndani ya saa moja, nakala kwa dawati la msaada wa TEHAMA. Weka namba ya usajili, msimbo wa somo, namba ya swali ulilofikia, saa mtandao ulipokatika na saa uliporudi, na picha ya skrini. Usieleze shida za umeme kwa aya tatu. Kumbukumbu za seva zinaonyesha mara ya mwisho uliyohifadhi, na saa ulizoandika zikilingana nazo, mkufunzi ana kitu cha kushika akitaka kukufungulia jaribio tena.