Mwongozo wa pampu umevurugwa na mafundi wa tovuti, anayetukanwa ni kijana asiyeona

Wakuu, nina hasira tangu Ijumaa, acheni niiseme.

Ofisi yetu hapa Mbeya inauza pampu za kumwagilia. Wateja wengi ni wakulima wa mpunga wa Usangu, na anayepokea simu zao ni kijana asiyeona kabisa. Anatumia NVDA, programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, na ana kasi kutushinda sisi wenye macho: anabonyeza H, anaruka kichwa hadi kichwa, anaifikia hatua anayoitaka na kumsomea mkulima aliye shambani.

Mwongozo niliuandika mimi kwa DocBook, aina ya XML (maandishi yenye lebo) ya kuandikia miongozo, miezi minne. Kila kitu kina jina lake: hii ni <code>procedure</code> (utaratibu mzima), hii ni <code>step</code> (hatua), hili ni <code>warning</code> (onyo). Tukawalipa mafundi wa nje watengeneze stailishiti ya XSLT, yaani faili la kanuni za kuigeuza ile XML kuwa kurasa za HTML za tovuti.

Wameleta <code>div</code> juu ya <code>div</code>, visanduku visivyosema ndani mna nini. Vichwa ni maandishi yaliyonenepeshwa tu, kijana akibonyeza H hapati kitu. Namba za hatua zimechapwa kama maneno, hakuna <code>ol</code> wala <code>li</code>, lebo za orodha yenye namba na vipengele vyake. Maelezo ya picha niliyoyaweka kwenye <code>textobject</code>, moja baada ya jingine, yametupwa yote.

Lakini lililoniuma ni maonyo. Wameyang'oa mahali pake wakayapanga safu ya kulia, mekundu. Kwa macho, onyo la kutowasha pampu kabla ya kuijaza maji liko sambamba na hatua ya 3. Kwenye HTML yenyewe linakuja baada ya hatua ya 9, na neno Onyo halipo, ni kipicha kisicho na maelezo! Ijumaa kijana akamsomea mzee mmoja hatua zote kama zinavyofuatana. Hatua ya 5 mzee akawasha. Pampu ikazunguka kavu, sili ikaungua. Mzee akamtukana kijana, bosi naye akamwita ofisini. Kosa lake nini?

Nikawapigia mafundi. "Mbona inaonekana vizuri, mkuu?" Nani kauliza inavyoonekana? WCAG 2.0, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, toleo la Desemba 2008, vipengele 1.3.1 na 1.3.2, inadai muundo utambulike na programu na mfuatano wa kusoma uwe na maana. Vyote ni kiwango A, cha chini kabisa. Na sisi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010.

Eti nirekebishe HTML kwa mkono. Kurasa zinazalishwa upya kila nikigusa XML, nirekebishe mara ngapi? Dawa iko kwenye stailishiti: <code>warning</code> itoke palepale ilipo, na <code>role="note"</code> (alama ya kuiambia NVDA kuwa hili ni dokezo) na neno Onyo; <code>procedure</code> iwe <code>ol</code>; <code>section</code> ihesabu imo ndani ya sehemu ngapi ndipo ichague <code>h2</code> au <code>h3</code>, ngazi za vichwa. Kazi ya siku mbili, na wanadai malipo mapya.

Kesho Jumatatu saa mbili asubuhi simu zinaanza kuita. Usiku huu namchapia kijana hatua na maonyo yote upya kwenye faili la maandishi matupu, ndilo atakalosoma.