Re: Wakala wa mizigo na ile meseji ya "tapeli"

Shikamooni wakubwa, wengine habari za wikiendi.

Nimesoma meseji zote na namuelewa kabisa dada yetu wa Leicester, umelipia pipa liende Dar, miezi inapita, mama kule anauliza kila siku, simu hazipokelewi, nani asingewaka? Ila ile meseji ya "huyu tapeli anakula hela za watu" imeshafowadiwa kwenye magrupu ya WhatsApp na yule wakala anasema anaenda kwa loya. Mimi sio loya, natoa ushauri tu kwenye kituo cha jamii, lakini hili nalikuta sana kwa watu wetu, so naomba mnisikilize.

Huku England sheria ni Defamation Act ya 2013, yaani sheria ya kumchafulia mtu jina. Ukisema kitu kama jambo lililotokea, ukashtakiwa, kazi ya kuthibitisha ni kweli ni YAKO, sio ya aliyeshtaki. Sasa "tapeli" maana yake alichukua hela akijua hatapeleka mzigo. Utathibitishaje nia ya mtu? Pengine kontena limekwama bandarini, pengine kweli kazila, hatujui! Lakini ukiandika "nililipa mwezi wa tatu, risiti hii hapa, aliahidi wiki nane, mzigo haujafika, simu hapokei, kwangu mimi hii huduma ni mbovu na simwamini tena", hapo umeweka yaliyotokea mezani halafu ukatoa maoni yako juu yake, na sheria ina ulinzi wa maoni ya kweli ya moyoni. Lazima msomaji aone ni maoni, aone yamesimama juu ya nini, na hilo lililoyabeba liwe kweli. Na wewe mwenyewe uwe unaamini unachosema, ukiwa huamini, unamkomoa tu, ulinzi haupo.

Kesi ya Simon Singh, mwandishi wa sayansi, ndo inaonyesha hili vizuri. Aliandika kwenye gazeti la Guardian 2008 kuhusu chama cha watu wanaonyoosha migongo, kwamba wanatangaza tiba za uongo. Jaji wa kwanza akasema hayo ameyasema kama jambo lililotokea, sio maoni, yaani Singh athibitishe kwamba chama kilikuwa kinadanganya kwa makusudi, mzigo usiobebeka. 2010 Mahakama ya Rufani ikageuza, ikasema hayo ni maoni ya mtu anayepima ushahidi wa kisayansi, na chama kikaiacha kesi. Maneno ni yaleyale, kilichobadilika ni yamewekwa upande gani.

Na waliofowadi msijione mko salama eti hamkuandika nyie. Kufowadi ni kusambaza.

> Asante kaka. Je nikianza na "kwa maoni yangu" si inatosha? Na sisi wa Marekani?

Haitoshi, hata kidogo. Marekani Mahakama ya Juu ilisema wazi 1990, kesi ya Milkovich, kwamba kumwita mtu mwongo halafu ukatanguliza "kwa maoni yangu" hakukuokoi, kwa sababu msomaji anaelewa kuna kitu unakijua. Huku nako wanaangalia msomaji wa kawaida angeelewaje, sio kibandiko ulichobandika mwanzoni. Wa Scotland mna sheria yenu ya 2021, msichukue haya kama yalivyo.

> Sasa nifanye nini, niombe radhi?? Hela yangu je?

Dada usipanik. Kushtaki sio rahisi kwake, lazima aonyeshe jina lake limeumia sana, na kama ni kampuni waonyeshe hasara kubwa ya fedha, na kwa kawaida ana mwaka mmoja tu tangu meseji itoke. Futa ile ya kwanza leo, waombe waliofowadi nao wafute, weka nyingine yenye tarehe na risiti peke yake, neno tapeli lisiwemo. Hela idai kwa njia yake, mwandikie barua ya madai umpe siku 14, akikaa kimya fungua small claims (kesi ya madai madogo) mtandaoni, inachukua madai hadi £10,000 na huhitaji loya. Kama hajapeleka mzigo, huko ndiko atakakojibu. Nitumie risiti na meseji zake zote pembeni leo usiku, barua tuiandike pamoja kabla ya Jumatano.