Mahindi yanageuka zambarau Mlowo na mbolea natia: shida ni nini?

Binti Mlowo
Shikamooni wakubwa. Nina ekari mbili hapa Mlowo, Mbozi, alizonigawia baba. Msimu uliopita nilipanda mbegu ya UH6303, mbolea ya kupandia DAP mfuko mmoja kwa ekari, nikakuzia kwa Urea, palizi mara mbili. Yakikaribia magotini majani yakaanza zambarau pembeni, mengine yakadumaa kabisa. Nimevuna gunia 9 kwa ekari. Shamba hilihili baba alikuwa anatoa 18, nilikuwa nahesabu mwenyewe nikiwa darasa la tano.

Inaniuma. Zambia walipopigwa na ukame 2024 walikuja kununua mahindi kwetu. Malori ya kwenda mpakani Tunduma yanapita mbele ya nyumba yetu, nami nikishatoa chakula cha watoto sina cha kupakia. Niongeze DAP au nibadili mbegu?

Mzee wa Inyala
Marahaba binti. Usinunue mfuko wa pili kwanza. Zambarau kwenye mahindi machanga mara nyingi ni njaa ya fosforasi, na hiyo ndiyo iliyojaa kwenye DAP. Ukitia na bado yana njaa, shuku tindikali: udongo ukiwa mchachu, chuma na aluminiamu huikamata fosforasi, mizizi isiipate. Mvua zetu nyingi zimeosha udongo tangu enzi, na DAP na Urea za miaka nenda rudi zimezidisha uchachu.

Nimepita hapohapo. Misimu mitatu niliongeza mbolea tu, mpaka nikauza ng'ombe. Siku nilipopeleka udongo kituo cha utafiti cha Uyole, pH, yaani kipimo cha uchachu, ikasoma 4.8; ikishuka ndivyo uchachu unavyozidi. Mahindi yanataka 5.5 kwenda juu. Nikamwaga chokaa ya kilimo mwezi wa tisa kupunguza uchachu, nikailima ichanganyike na udongo, maana ikibaki juu haifiki kwenye mizizi. Mwaka wa kwanza tofauti ilikuwa ndogo, nusura nikate tamaa. Wa pili gunia 16, wa tatu 21. Kiasi cha chokaa kitoke kwenye kipimo, mtu asikukadirie kwa macho.

Bwana shamba Njombe
Mzee kasema kweli. Ila dada hukutaja nafasi ya kupandia. Ulipima kwa kamba? Sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, unapata mimea kama 18,000 kwa ekari. Kila mmoja ukitoa gramu 150 za punje ni kilo 2,700, yaani gunia 27. Wengi wanaopima kwa hatua za miguu nakuta mimea 12,000, na kwa gramu hizohizo wanaishia 18, hata wamwage mbolea gani.

Na Minjingu, mbolea ya fosforasi ya mwamba, isidharauliwe: huyeyuka vizuri kwenye udongo mchachu. Ila usiitie pamoja na chokaa.

Binti Mlowo
Nilipima kwa miguu kweli, kama baba. Asanteni sana. Mzee, udongo wa kupima nauchukuaje?

Mzee wa Inyala
Sehemu 10 hivi, ukienda zigizaga shamba zima. Ondoa majani ya juu, chimba kina cha sentimita 20. Ruka kichuguu na palipochomwa mabua. Changanya kwenye ndoo safi, siyo ile ya mbolea, chukua nusu kilo, anika kivulini. Ekari zikitofautiana rangi, fanya mifuko miwili. Na uende mwezi huu, chokaa iwahi kuingia ardhini kabla ya mvua za Novemba.