Naomba ushauri: mahindi yangu meupe yametoa punje za njano

Wakulima wenzangu, naombeni msaada. Naishi Iowa, Marekani. Nyuma ya nyumba nalima mahindi meupe ya ugali, mbegu aliyonipa mama mkwe, naitunza mwaka hadi mwaka. Ng'ambo ya barabara, kama mita 60 hivi, jirani ana shamba kubwa la mahindi ya njano yaliyobadilishwa vinasaba. Juzi namenya hindi, nakuta punje za njano kumi na kitu katikati ya nyeupe. Nilinyong'onyea kabisa. Ni chavua ya kwake hiyo, imeletwa na upepo, maana njano huishinda nyeupe kwenye punje ileile.

Jirani simlaumu, ni mtu mwema. Wazalishaji wa mbegu hutenga kama mita 200, mimi eneo hilo sina. Nawaza kupanda wiki tatu baada yake ili ndevu za mahindi yangu zisikutane na chavua yake, ila baridi ya Oktoba inanitisha. Au nifunike kwa mifuko ya karatasi na kuchavusha kwa mkono? Aliyewahi kufanya hivyo, alipata mbegu ya kutosha? Na nikitoa punje za njano tu, zile nyeupe za hindi hilohilo naweza kuzipanda bila wasiwasi?