Mrejesho: mdogo wangu aliyepigwa Mwanjelwa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza humu nifanyeje baada ya vijana kumpiga mdogo wangu kwa matofali pale Mwanjelwa, Mbeya. Alizaliwa wa kiume, anaishi kama mwanamke. Kosa lake ndilo hilo.

Mlionielekeza kuanza na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, asanteni sana. Askari wa zamu alitaka kwanza kujua "huyu ni nini hasa". Nikamjibu ni majeruhi, na fomu ni ya majeruhi. Akaandika huku amenuna. Taya limefungwa waya, anakunywa uji wa ulezi kwa mrija, na ubishi wake uko palepale.

Aliyesema akaombewe: Shirika la Afya Duniani liliitoa hali hii kwenye magonjwa ya akili katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Mbona hamkusema waombewe wale wenye matofali?

Aliyenishangaza ni mama. Baba mdogo kapanda gari toka Tukuyu, anataka kikao cha ukoo, mtoto afukuzwe. Mama akamwambia, "Shemeji, huyu nimemzaa mimi. Kunywa chai." Kikao kikafia hapo.

Kesi bado. Mmoja kakamatwa, wenzake tunapishana nao sokoni.